Niliitwa Lakshmi wa nyumba, sasa naambiwa nimeifukuza neema

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma safu hii kwa muda mrefu, na leo nimeamua kuandika kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia haya bila ya maneno kumfikia mavyaa kabla jua halijatua.

Mimi ni mama wa miaka 36. Nilizaliwa Tanga katika familia ya Kigujarati. Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, baba akauza vipuri vya baiskeli. Niliolewa Mombasa. Kiswahili nimekichezea tangu utotoni, na ndicho kinachonijia moyo unapojaa.

Siku niliyoingia nyumbani kwa mume wangu, waliniwekea kizingitini chungu kidogo cha shaba kilichojaa mchele. Nikakisukuma kwa mguu wa kulia, mchele ukamwagika kuelekea ndani. Kisha nikakanyaga sinia lenye maji mekundu ya kumkum, nikatembea hadi kwenye madhabahu ya nyumbani, nyayo zangu zikabaki sakafuni. Mavyaa alinibusu kwenye paji la uso, akasema mbele ya watu wote kwamba Lakshmi wa nyumba ameingia. Kwa wasomaji wasiojua, Lakshmi ndiye mungu wetu wa kike wa neema, utajiri na uzuri, na bibi harusi kwetu hupewa jina lake. Siku ile nililia kwa furaha.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya heri. Familia ina duka la leso Biashara Street, lililoanzishwa na baba mkwe. Mzigo ulikuwa ukifunguliwa Jumatatu, na kufikia Ijumaa unasikia wanawake wakiuliza mwingine utafika lini. Nilipojifungua binti yangu, mavyaa aligawa jalebi kwa majirani wote, akawaambia Lakshmi amekuja kwetu mara ya pili.

Mambo yaligeuka baba mkwe alipofariki na mume wangu akalishika duka. Wateja wamepungua. Watu wanaagiza leso kwa simu, na wachuuzi waliokuwa wakichukua kwetu sasa wanakwenda wenyewe kwa waagizaji. Kuna deni la benki, kuna deni la mwagizaji wa mzigo, na nahisi yako mengine ambayo sijaambiwa. Nikimuuliza mume wangu, anasema, "Mambo ya duka niachie mimi."

Mavyaa hataki kusikia habari za simu wala za waagizaji. Kwake sababu ni moja, nayo ni mimi. Nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya usafirishaji, na nikifika nyumbani giza limeshaingia. Taa ya jioni mbele ya Lakshmi inachelewa kuwashwa. Siku nyingine nalazimika kufagia usiku, jambo ambalo kwetu husemwa kwamba ni kumfagia Lakshmi atoke. Tena mwaka jana, alipokuwa akiniteta mbele ya wageni, nilimjibu. Tangu siku hiyo amekuwa akirudia kwamba Lakshmi hakai penye kelele.

Sasa Diwali, sikukuu yetu ya taa, inakaribia na kila mmoja ana mpango wake. Mavyaa anataka puja kubwa, yaani ibada ya nyumbani, ndugu waje kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na siku ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, inunuliwe sanamu kubwa ya fedha ili Lakshmi arudi. Mume wangu anataka dhahabu yangu ya arusi, bangili na seti mbili nilizopewa na mama na bibi yangu, aiuze apate mtaji. Nilipositasita aliniambia, "Kama wewe kweli ni Lakshmi wa nyumba, utaitoa." Hakupandisha sauti, na labda ndiyo maana neno lile limenikaa.

Lililonifanya nishike kalamu ni binti yangu. Ana miaka 9. Nilikuwa namsuka nywele, akaniuliza, "Mummy, ni kweli wewe ndiye uliyemfukuza Lakshmi?"

Shangazi, mimi sijaiacha imani yangu wala sitaki kuiacha. Nampenda Lakshmi. Tangu msichana, wiki ya Diwali huamka alfajiri nikachora rangoli, mapambo ya rangi, mlangoni, nikatunga majani ya mwembe na maua ya manjano nikayatundika juu ya mlango. Kwangu yeye ni ule utulivu wa nyumba iliyopambwa ambayo watu wake wanasemezana vizuri. Lakini sasa kila taa ninayowasha naona kama mtihani, na kuna anayesimama nyuma yangu akinisahihisha.

Je, niitoe dhahabu? Ninyamaze kwa ajili ya amani ya nyumba? Na nikisema yaliyo moyoni, si nitakuwa nimeleta ule ugomvi wenyewe wanaosema unamfukuza?

Ni mimi, mwanao,
Mzaliwa wa Tanga, Mombasa


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Pole, na ahsante kwa kuniamini na jambo zito hivi.

Mimi si Mhindu, na sitavaa kilemba cha maharaji wa hekalu lenu. Lakini nimekulia Mombasa, ukuta mmoja na familia za Kigujarati, na mengi nimeyajua kwa kuwauliza akina mama wa jamii yako na kwa kusoma. Nitakalosema kuhusu dini yako lipime kwa unachokijua wewe.

Nikuelezee nilivyokuelewa. Uliingia nyumba ile ukapewa jina la heshima, na jina lile lile sasa limegeuzwa hati ya mashtaka. Duka lilipouza, sifa ilikuwa ya Lakshmi aliyeingia. Duka lilipoanza kulala, kosa likawa la yule aliyepewa jina lake. Juu ya hayo unatakiwa utoe vitu viwili kwa mpigo, dhahabu yako na ulimi wako, na vyote viwili unaombwa kwa jina la mungu unayempenda. Halafu mtoto ameyasikia.

Umeniuliza kama kusema ni kuleta ugomvi. Kabla hatujafika huko, nataka tukae kidogo na dhana iliyojificha chini ya swali lako, kwamba kuna jambo ulilolifanya wewe Lakshmi akaondoka. Unaandika kama mtu anayeikataa. Lakini uliyataja makosa yako moja moja, taa, ufagio, jibu ulilompa mavyaa mbele ya wageni, kwa uangalifu wa mtu ambaye ameshaanza kuyaamini. Hapo ndipo moyo wangu ulipouma.

Hebu tazama hadithi zenu zenyewe zinasema nini kuhusu kuondoka kwa Lakshmi. Katika Vishnu Purana, mojawapo ya vitabu vyenu vya kale, aliyesababisha ni Indra, mfalme wa miungu. Durvasa, mtawa mwenye hasira za karibu, alimpa shada la maua. Indra akaliweka kichwani mwa tembo wake Airavata, na tembo akalitupa chini. Durvasa akaona zawadi yake imedharauliwa, akalaani, na neema ikatoweka ulimwenguni. Ili irudi, miungu na mahasimu wao, wale asura, walilazimika kushirikiana kuisuka bahari ya maziwa, mlima Mandara ukiwa mchi na joka Vasuki likiwa kamba. Aliyekosa alikuwa mwenye kiti cha enzi, na kosa lenyewe lilikuwa dharau. Hamna ufagio katika kisa hicho, wala mke aliyechelewa kutoka kazini.

Kuna na nyingine, inayosimuliwa sana kuhusu hekalu la Tirumala kusini mwa India. Mtawa Bhrigu aliingia mahali mungu Vishnu, mume wa Lakshmi, alipokuwa amepumzika, akampiga teke kifuani. Kifua cha Vishnu ndiyo makao ya Lakshmi, kwa hiyo teke lile lilimpata yeye. Vishnu hakukasirika. Aliushika mguu wa mgeni, akaukanda, akamuuliza kama umeumia. Wasimulizi wengi husifu upole huo, na unastahili sifa. Lakini Lakshmi aliona amevunjiwa heshima nyumbani kwake na mumewe anamhudumia aliyemvunjia. Akaondoka, akaenda Kolhapur, kule Maharashtra, ambako hekalu lake la Mahalakshmi lipo mpaka leo na watu wanalizuru.

Usije ukadhani nakushauri ufungashe virago. Nimeileta hadithi hii kwa sababu umeniandikia kana kwamba Lakshmi ni kimya na tabasamu tu, na kwamba mwanamke anayefanana naye hana ruhusa ya kuumia kwa sauti. Mungu huyo huyo wa maelewano aliwahi kuudhika, na akaonyesha kwamba ameudhika. Waumini hawakumwita mgomvi kwa hilo; walimjengea hekalu pale alipokwenda. Ukimwambia mumeo, "Naumia ninaposemwa mbele ya watu nawe umekaa kimya," sioni umeivunja desturi gani.

Sasa nikutoe kidogo upande wako nikupeleke kwa mavyaa. Sitetei maneno yake. Hakuna mtoto wa miaka 9 anayestahili kuyasikia. Lakini jiulize, anaogopa nini? Naye aliletwa nyumba ile akiwa msichana, akasukuma chungu cha mchele, akaitwa Lakshmi. Miaka yote mumewe alipokuwa hai, mafanikio ya duka yalikuwa pia taji lake. Mume amefariki, na unajua kuliko mimi jinsi katika familia nyingi mjane husogezwa kando shughuli za heri zinapofanywa, hata kama hakuna anayemwambia waziwazi. Huenda akikutazama anaona mtu aliyekalia kiti chake, na duka likiyumba anaona kazi ya maisha ya mumewe inazama. Puja kubwa na sanamu ya fedha pengine ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kupigania kitu. Ukikaa naye siku moja bila wageni, mchana, labda mnachambua mchele, muulize miaka yao ya shida ilikuwaje na baba mkwe alifanya nini mzigo ulipolala dukani. Huenda akakujibu kwa ukali, au akatumia fursa hiyo kukuongezea lawama. Hiyo ni hatari, nami sikufichi. Lakini huenda pia ukasikia kisa ambacho hata mumeo hajawahi kukisikia.

Mumeo ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, na nalisema hili kwa upole. "Mambo ya duka niachie mimi" halafu "nipe dhahabu" ni maneno mawili yasiyokaa pamoja. Anayetaka mali yako iingie dukani amekuingiza wewe dukani. Hata hivyo, usikimbilie kudhani kwamba ukimya wake ni kukubaliana na mama yake. Wanaume wengi waliorithi maduka ya baba zao hunyamaza kwa aibu, hasa mke akiwa mhasibu na akitazama karatasi moja tu atajua ukweli wote. Sijui kama mumeo ni mmoja wao. Hilo utalijua ukimuuliza mkiwa wawili, pengine kwa kuanza hivi: "Sitaki kukusahihisha, nataka tubebe wote."

Na hapa Diwali yenu ina kitu ambacho nimekistaajabia tangu utotoni. Siku hiyo wafanyabiashara wa Kigujarati, kule Rajkot, India, na huku Mombasa, huviweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi. Ndiyo Chopda Pujan, ibada ya vitabu. Vitabu vyenye majalada mekundu, ukurasa wa kwanza umeandikwa Shri, neno la heri na jina jingine la Lakshmi, mara nyingi kwa umbo la piramidi, na siku hizi wengine wanaweka na kompyuta ya dukani. Lakshmi hakai peke yake pale. Ganesh yupo, mwondoa vikwazo, na Saraswati yupo, mwenye elimu. Kwa hiyo utajiri unaombewa mahali penye hesabu na maarifa, mbele ya macho ya wote. Nyinyi mwaka huu mtaweka kitabu gani? Kama kuna madeni ambayo hayamo kitabuni, basi kilichowekwa mbele ya mungu ni nusu ya habari. Hili unaweza kumwambia mumeo kwa lugha ya dini ambayo hata mama yake hawezi kuipinga: "Tuviandae vitabu pamoja kabla ya puja, viwe kamili." Nawe una ujuzi wa kuviandaa. Kuwa na deni si fedheha mbele ya dini yenu. Katika ile hadithi ya Tirumala, Vishnu mwenyewe alikopa kwa Kubera, mungu wa hazina, ili aoe, na inasimuliwa kwamba sadaka za mahujaji zinalipia deni hilo hadi leo. Lakini deni lile lina mkopeshaji anayejulikana, na lilikuwa na mashahidi, miungu Brahma na Shiva.

Kufungua vitabu kuna hatari yake pia. Unaweza kukuta deni kubwa kuliko ulivyodhani, au mkopo uliochukuliwa kwa jina lako, au nyumba iliyowekwa rehani. Kwenye ile bahari ya maziwa, katika masimulizi yanayojulikana zaidi, sumu ilitangulia kutoka kabla Lakshmi hajaibuka, na ikabidi Shiva ainywe. Jiandae kwa jambo chungu, na fikiria utamwita nani siku hiyo: kaka yako wa Tanga kama unaye, au mzee wa jamii mnayemwamini wote wawili. Kumwita mzee nako kuna bei, maana jambo la ndani likifika kwa jamii huwa gumu kulirudisha.

Dhahabu sasa. Najua ndicho ulichotaka nikijibu kwanza, na sitakuambia itoe wala ikatae, kwa sababu sijaviona vitabu, na wewe pia hujaviona. Nikueleze tu mahali unaposimama. Katika desturi ya Kihindu, alichopewa mwanamke kwa ajili ya ndoa yake huitwa stridhan, na ni chake. Mahakama ya Juu ya India ilisema hivyo bila kuzunguka mwaka 1985, na mwaka 2024 ikaeleza tena kwamba mume anaweza kuitumia wakati wa dhiki lakini ana wajibu wa kuirudisha. Hizo si mahakama zetu, lakini zinakuonyesha dini na desturi yako inavyofasiriwa na watu wake. Hapa Kenya tuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inayotambua kwamba mtu anaweza kuwa na mali yake mwenyewe ndani ya ndoa. Nusu saa na wakili si kumshtaki mumeo. Ni kujua unachokishika kabla hujakiachia.

Ukiitoa yote iuzwe, inawezekana duka likapumua, na mumeo asikusahau kwa hilo. Inawezekana pia ikalipa riba ya miezi michache, duka likafungwa, nawe ukabaki bila akiba na bila kumbukumbu ya mikono ya bibi yako. Dhahabu ikishayeyushwa hairudi kuwa bangili ile. Ukikataa kabisa, unalinda kitu cha wewe na binti yako, lakini utaishi na neno kwamba ulikuwa nacho ukatazama, na kama duka litafungwa hata hivyo, lawama itakufuata. Katikati kuna njia nyingine: sehemu tu badala ya yote, kuweka dhamana badala ya kuuza, kuandikiana kwamba ni mkopo kwa duka na utalipwa hivi, au kumwambia, "Nitaamua nikishaona hesabu," na wakati huo huo kuiweka mahali salama kama sanduku la benki. Hilo la mwisho linaweza kumuudhi, akaliona ni kutoaminiana. Fikiria utalisemaje. Na lile neno lake, "kama wewe kweli ni Lakshmi wa nyumba," liweke pembeni unapoamua. Uamuzi wa mali unaofanywa ili kuthibitisha jina lako hautaangalia kama duka linaweza kupona au la.

Naomba pia nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Je, unaogopa? Nasema kuogopa hasa: kwamba ukisema hapana utasukumwa, utafungiwa, utanyang'anywa. Kama ndivyo, ushauri wangu wote hapo juu wa kukaa na kuzungumza unasubiri kwanza, na kuna simu ya bure ya 1195 inayopokea wanaopitia ukatili wa nyumbani hapa Kenya. Kama sivyo, nisamehe kwa kuuliza. Ningejuta nisingeuliza.

Kuhusu puja ya mavyaa, sioni kama mna haja ya kupambana. Umeniambia unapenda rangoli, maua, majani ya mwembe, na yeye anataka nyumba ing'ae Lakshmi arudi. Mnataka jambo moja, mmetofautiana kwenye gharama. Siku ya Dhanteras watu wengi hununua chombo kidogo tu cha jikoni, hata kijiko, na desturi inatimia. Sanamu kubwa ya fedha inaweza kusubiri mwaka ambao deni limepungua, na anayefaa kumwambia hivyo mama yake ni mumeo, akiwa na hesabu mkononi. Ukimwambia wewe, litasikika kama mkwe anamnyima mungu haki yake. Mavyaa anaweza kuombwa aongoze yaliyobaki: vijitaa vya udongo, vitafunio vya chevda na mithai, mahali pa kuchora zile nyayo ndogo za Lakshmi zinazoingia ndani. Mtu akipewa nafasi ya kuongoza, mara nyingine hupunguza kusimamia.

Nimewaza pia juu ya ile taa ya jioni. Imeandikwa wapi kwamba lazima iwashwe na mkono wako? Mumeo ana mikono. Mavyaa yupo nyumbani jua likitua. Binti yako ana umri wa kushika kiberiti akisimamiwa. Taa iliyowashwa kwa wakati na yeyote wa nyumba hiyo inamfikia yule yule. Wewe ukifika saa moja, kaa mbele yake dakika chache kwa raha yako, kama ulivyokuwa ukifanya msichana Tanga, bila kusubiri alama za mtu.

Mtoto usimwache na swali lake. Mengine yote yanaweza kungoja wiki, hilo lisingoje. Kumbuka jalebi ziligawiwa alipozaliwa. Yeye pia aliambiwa kwamba ni Lakshmi. Kwa hiyo alipokuuliza kama wewe ndiye uliyemfukuza, huenda alikuwa akiuliza na zamu yake itafika lini, siku gani naye atalaumiwa kwa kitu ambacho hakukifanya. Mwambie hapana, kwa neno moja, ukimtazama. Mwambie duka lina shida ya pesa, ambayo ni kazi ya watu wazima, na kwamba hakuna mtu wa nyumba hiyo anayemfukuza mungu kwa kufagia. Usimseme bibi yake vibaya. Anaweza kumpenda bibi na bado akajua kwamba bibi alikosea hapo. Na ukiweza, baba yake alirudie jibu hilo kwa kinywa chake, maana ukimya wake mtoto ameusikia pia.

Nimalizie na jambo ambalo jirani yetu mmoja wa Kigujarati alinieleza zamani, nawe bila shaka unalifanya kila mwaka. Usiku wa Kali Chaudas, mkesha wa Diwali, akina mama hukaanga vada, wakaenda kuziweka njia panda na kuzungushia maji, ili magomvi ya nyumba yatoke yabaki huko. Kinachotolewa ni ugomvi wa nyumba, na nyumba ni ya wote. Hakuna anayeulizwa njiani aliuleta nani. Mwaka huu mwombe mavyaa muende pamoja, wewe, yeye na mtoto. Akikataa, nenda na binti yako. Akikubali, usitumie nafasi hiyo kuyazungumza ya dhahabu. Yaacheni ya dhahabu kwa siku ya vitabu.

Usiku huo ni wa karibu kuliko maamuzi mengine yote, ndiyo maana nimekumalizia hapo. Wa kwanza kuzungumza naye ni binti, kisha mumeo, kisha mavyaa, lakini ukiona mpangilio mwingine unakufaa, wewe ndiye unayeijua nyumba ile. Niandikie tena baada ya Bestu Varas, mwaka mpya wenu wa Kigujarati, uniambie vitabu vilifunguliwa au la, na kama vilifunguliwa, ulikuta nini. Tutaanzia hapo kuizungumza dhahabu kwa hesabu kamili.

Nakuombea heri,
Shangazi yako